Fundi alitaka laki 2 na 80 kwa handbreki ya IST, imepona kwa elfu 9 (uzi mrefu, vuta kiti)

Mwana Goba

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo miezi minne, aibu nimeshaipata ya kutosha, sasa nalileta hapa asije mwingine akala hasara niliyotaka kula mimi.

Nina Toyota IST ya 2003, auto, cc 1300. Nakaa Goba na wanaoijua Goba wanajua nyumba nyingi ziko kwenye mteremko, yangu mimi geti liko juu nyumba iko chini, ukiingia gari linaangalia ukuta wa jiko. Kuanzia mwezi wa tatu nikiegesha navuta handbreki mpaka inasimama wima kama askari anapiga saluti, naachia mguu, gari linasogea taratibuuu kuelekea jikoni. Nikatafuta jiwe. Baada ya wiki jiwe likawa na mwenyewe, kijana wangu wa miaka sita, akisikia honi getini anakimbia na jiwe lake kuliweka mbele ya tairi, mimi nikawa nacheka naona mtoto ana akili. Mama yake siku alipomwona ameinama mbele ya gari ambalo bado lina mtu anakanyaga breki, wakuu hiyo siku sikula nyumbani.

Kesho yake gereji. Fundi akavuta handbreki mara mbili, akatikisa kichwa, akasema bosi hapa kebo zimevutika zote mbili laki na 40, brekishu za nyuma (vile vipande vilivyopinda vinavyopanuka ndani ya dramu kushika tairi) elfu 60, dramu (lile sufuria la chuma linalozunguka na tairi) zikakwanguliwe elfu 30, na ufundi elfu 50. Laki 2 na 80. Sasa kilichonikereketa ni kwamba jeki haikupigwa, tairi halikufunguliwa, hata kuinama kuchungulia chini hakuinama. Ameziona wapi hizo brekishu zilizoisha? Nikamwambia ngoja nijipange nikaondoka na jiwe langu.

Jirani yangu kuna mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa fundi kwenye karakana ya mabasi, huwa namsalimia tu shikamoo napita. Jumapili alinikuta nachomoa jiwe akaniuliza handbreki inapanda meno mangapi? Nikamwambia mzee sijawahi kuhesabu. Akasema sasa ulienda kwa daktari bila kujua unaumwa wapi.

Kumbe ile milio tik tik tik unapovuta, kila mlio ni jino moja. Unavuta kwa nguvu ya kawaida ya mkono mmoja unahesabu. Hizi Toyota ndogo za mkono ikiwa sawa inakamata vizuri kati ya meno 6 na 9. Yangu ikafika 13 na bado ukiisukuma gari kwa mkono inatembea.

Tukaipeleka mahali tambarare nje ya geti kwake. Gia kwenye P (ya kuegesha), halafu mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele (jiwe langu likapata kazi ya heshima kidogo), tukalegeza nati za tairi la nyuma kabla ya kupiga jeki, tukapiga jeki, na mzee akakataa kabisa mtu asogeze mkono mpaka aweke stendi chini ya bodi. Alisema jeki ni ya kunyanyulia siyo ya kulalia. Handbreki ikashushwa chini kabisa.

Kabla hatujafungua chochote akaniambia zungusha tairi kwa mkono. Likazunguka bure, hausikii hata mkwaruzo. Akaniambia ingia ndani vuta jino moja moja unaposikia nimesema. Jino la kwanza bure, la tatu bure, la tano bure, la nane ndio akasikia brekishu zinaanza kugusa shwa shwa shwa. Upande wa pili hivyo hivyo. Akasema kebo inavuta vizuri pande zote mbili, ingekuwa kebo upande mmoja ungetofautiana na mwenzake au mkono ungekuwa mzito au mlegevu hauna kitu. Hapa brekishu ziko mbali na dramu. Yaani dakika kumi tu, bila spana, laki na 40 ya kebo ikawa imeshakufa.

Tukafungua tairi. Dramu likawa gumu kutoka, mimi nikashika nyundo mzee akaninyang'anya. Kwenye uso wa dramu kuna vitundu viwili vidogo vina nyuzi, unachukua bolti mbili za milimita 8 (zile za kichwa cha spana 12) unaziingiza unakaza hii kidogo na hii kidogo, dramu linajisukuma lenyewe linatoka mzima mzima. Miaka yote naendesha gari nilikuwa najua vile vitundu ni vya urembo.

Ndani sasa. Vumbi jeusi kibao, na hapa msipulize na mdomo wala na kompresa, brekishu nyingine za zamani zina asbestosi na hata zisizo nayo siyo vumbi la kuvuta, tulimwagia maji ya sabuni tukafuta na kitambaa. Brekishu zenyewe mzee akapima na rula ya shule ya kijana, milimita 3. Mpya huwa na 4 hivi, na mwisho wa kutumia ni 1. Sasa mimi nilikuwa naambiwa zimeisha!

Mgonjwa halisi alikuwa juu kule kati ya brekishu mbili. Kuna kichuma kama kiparafujo kina gurudumu dogo la meno kama nyota, ndio adjasta. Kazi yake ni kurefuka kidogo kidogo kadri brekishu zinavyolika ili zisiwe mbali na dramu, inajiongeza yenyewe kwa kale kajino kanakoisukuma. Yangu ilikuwa imeganda kutu, nyekundu kama matofali, mzee akajaribu kwa kidole haiendi, kwa bisibisi haiendi, akaishika kwa praiza ikalia kryaa ndio ikazunguka. Sasa brekishu inalika adjasta haisogei, nafasi inaongezeka mwaka mzima, wewe unavuta mkono juu zaidi, halafu pedo ya breki nayo inashuka chini zaidi kabla haijakamata. Na kweli pedo yangu ilikuwa inashuka, nikadhani ndio uzee.

Tukaitoa, msasa wa elfu moja, tukasugua nyuzi mpaka zikawaka, tukapaka grisi ya joto kidoogo kwenye nyuzi na kwenye vile vituta vya bamba ambapo brekishu zinaegemea, na SIYO kwenye lile gamba linalogusa dramu, grisi ikifika pale umeharibu brekishu nzima. Onyo lingine, ya kushoto na ya kulia nyuzi zake zimepishana, ukizichanganya itajifupisha badala ya kujirefusha. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, mwingine unabaki kuwa picha yako ya kukumbukia springi gani inakaa wapi.

Halafu sasa hapa ndio pa muhimu na ndio sababu ya kuandika uzi wote huu. Tulipofungua konsoli ya katikati pale kwenye mkono wa handbreki kuna nati mbili ndogo za spana 10, moja inafunga mwenzake. Mzee akakuta zimekazwa mpaka nyuzi zimekaribia kuisha. Mwaka jana nilipitisha gari gereji fulani nikasema handbreki inapanda sana, jamaa akakaza hapo dakika tano akachukua elfu 5 yake. Mzee akasema huyu ndiye aliyeniua. Ukikaza kebo wakati brekishu ziko mbali, ule mkono mdogo ulioko ndani ya dramu haurudi tena mahali pake pa kupumzikia, na usiporudi ile adjasta haifanyi kazi yake. Kwa hiyo elfu 5 ilinipa nafuu ya miezi kadhaa na ikaua kabisa kujirekebisha kwenyewe.

Mpangilio ni huu, LEGEZA kebo kwanza mpaka ilegee kabisa, halafu rekebisha brekishu kwa ile nyota mpaka dramu linaingia kwa kugusa gusa tu, rudisha, kanyaga pedo mara kadhaa zijiweke katikati, zungusha tairi usikie mkwaruzo mwepesi sana siyo wa kushika. Kebo mwisho kabisa. Tukakaza ile nati ya ndani mpaka handbreki ikakamata jino la 7, tukashusha, tukahakikisha matairi yote mawili yanazunguka huru, tukafunga nati ya pili.

Msasa 1,000, kikopo kidogo cha grisi 5,000, soda na karanga za mzee 3,000. Alikataa hela nyingine. Jana usiku nimeegesha gari linaangalia jiko, handbreki meno saba, halijasogea hata unywele. Kijana ananuna, anasema jiwe lake limefukuzwa kazi.

Baharia wa Kigamboni

Hahaha jiwe limestaafu bila mafao. Mkuu picha ziko wapi sasa, uzi wa ufundi bila picha ni kama ugali bila mboga.

Mwana Goba

Mikono ilikuwa na grisi mkuu, simu niliacha ndani makusudi.

mama Spacio

Asante kaka kwa darasa. Mimi nina Spacio, handbreki inakamata vizuri tu lakini ile taa nyekundu ya mduara yenye alama ya mshangao inawaka hata nikishusha. Inawaka inazima hasa nikikata kona. Fundi anasema ni sensa ya handbreki, nimuandalie elfu 45. Nimpe?

Fundi Nyundo Moja

Dada usimpe mtu hela kwanza. Nipo kwenye hii kazi miaka 15, ile taa moja ina kazi mbili, inawaka handbreki ikiwa juu na inawaka mafuta ya breki yakipungua. Kuwaka kwenye kona ni dalili kabisa ya mafuta, yanahamia upande mmoja kwenye kikopo boya linashuka taa inawaka, ukinyoosha inazima. Fungua boneti, upande wa dereva ukutani kule kuna kikopo cheupe kina alama MAX na MIN. Angalia uniambie.

mama Spacio

Nimetoka kuangalia na tochi ya simu. Yako chini kidogo ya MIN. Kwa hiyo nikanunue nijaze yaishe?

Fundi Nyundo Moja

Hapana, hapo ndio watu wanakosea tena. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yakipungua ni mawili, pedi za mbele zimelika sana hivyo pistoni zinazozisukuma zimetoka nje na mafuta yamezifuata, au kuna mahali yanavuja. Ukijaza ukanyamaza utakuja kukanyaga breki siku moja ikakosekana. Chungulia ndani ya matairi yote manne kama kuna majimaji, kisha mwambie fundi akuonyeshe pedi kwa macho YAKO. Zikiwa zimeisha badilisha pedi, na pistoni zikirudishwa ndani utaona mafuta yanapanda yenyewe. Na ukija kuongeza soma kifuniko, nyingi hizi ni DOT 3, mtu asikuwekee ya stelingi akasema zote ni haidroliki, raba zote za breki zitavimba.

Kitimoto Express

Wakuu mimi nina Mark X. Breki ya kuegesha ni ile ya mguu kushoto. Nakanyaga mpaka chini na gari linateleza kwenye mteremko wa Kimara pale. Nimeambiwa brekishu za nyuma zimeisha nilete seti, mbona mimi nyuma naona diski?

Fundi Nyundo Moja

Swali zuri. Hiyo ina diski kwa ajili ya breki ya kawaida, lakini katikati ya diski pale palipobinuka kama sufuria ndani yake kuna dramu dogo na brekishu ndogo, hizo ni za kuegesha tu. Sasa fikiria mwenyewe, brekishu inayofanya kazi gari likiwa limesimama italikaje? Mpaka mtu aendeshe kasahau kuachia. Ukisikia zimeisha kwenye gari la aina hiyo muulize alizionaje. Mara tisa kati ya kumi napokutana nazo mimi ni kurekebisha tu, maana hizo hazijirekebishi zenyewe kama za IST ya mwenzako.

Unatoa tairi, kwenye diski kuna kitundu kimezibwa na raba, unazungusha diski mpaka kitundu kikae mbele ya nyota, unaingiza bisibisi bapa unazungusha nyota mpaka diski linashika kabisa halizunguki, halafu unarudisha nyuma meno 8. Ndio kitabu cha Toyota kinavyosema. Unazungusha diski, likikwaruza ongeza kurudisha.

Angalizo, hilo ni gari la kusukumwa na matairi ya nyuma, ukiliacha kwenye P matairi ya nyuma hayatazunguka utadhani breki zimeshika. Weka N (gia huru), na kwa sababu ni N ziba matairi ya mbele vizuri sana pande zote mbili. IST ni kinyume, P inashika mbele nyuma kuko huru.

Kitimoto Express

Aisee. Nilishatoa elfu 20 ya advansi.

Baharia wa Kigamboni

Hiyo sadaka mkuu.

Mtoto wa Nyegezi

Huku Mwanza na milima yetu handbreki ni uhai. Yangu Raum tatizo ni kinyume na la mleta uzi, inakamata vizuri ila haiachii. Nikitembea kama dakika 20 tairi la nyuma kulia lina joto huwezi kushika rimu, harufu ya kuungua, na mafuta naona linakunywa sana. Naweza kufanya hiyo ya adjasta?

Mwana Goba

Hapo mzee wangu aliniambia kitu ila ngoja Fundi Nyundo aje, mimi ni mwanafunzi wa siku moja.

Fundi Nyundo Moja

Tenganisha kwanza. Endesha mpaka lipate joto, simama tambarare, ziba matairi, shusha handbreki, nyanyua tairi hilo lizungushe. Likiwa gumu, nenda kwenye nati ya kukazia kebo legeza kebo yote. Likiwa huru hapo hapo ni kebo inang'ang'ania ndani ya gamba lake, maji na mchanga vimeingia imeota kutu, inavutwa na mkono lakini springi haina nguvu ya kuirudisha. Likiendelea kuwa gumu hata kebo ikiwa imelegea basi ugonjwa uko ndani ya dramu, silinda imeganda au springi imekatika au brekishu imekaa vibaya.

Ikiwa ni kebo, NUNUA KEBO. Hapa sitakudanganya ili nionekane mfundi mwema. Watu wanamwagia oili kwenye gamba linaachia wiki mbili linarudi, na ile oili inashuka mpaka kwenye brekishu. Lakini nunua ya upande mmoja ulioharibika, za gari kama lako kushoto na kulia zinauzwa mbalimbali. Ya mtumba angalia gamba kama halijapasuka, ishike mkononi uivute, iteleze kama uzi kwenye siagi.

Mtoto wa Nyegezi

Nimeelewa mkuu, kesho asubuhi.

Fundi Nyundo Moja

Na niseme kitu kimoja mleta uzi, bila ubaya. Humu kila siku ni fundi mwizi fundi tapeli. Huyo aliyekukazia kebo kwa elfu 5, ulimwambiaje? Ulimwambia handbreki inapanda niwekee sawa nina haraka. Angekuambia naomba masaa mawili nifungue dramu zote nisafishe nikutoze elfu 40 ungekubali? Ungesema huyu anataka kunila ukaenda kwa mwingine akakaze kwa elfu 5. Sisi tunajua kukaza pale siyo dawa, tunauza kile mteja anachokubali kulipia.

Mwana Goba

Hapo umenishika. Kweli nilimwambia nina haraka, nilikuwa nawahi harusi. Wa elfu 5 namsamehe. Ila wa laki 2 na 80 simsamehi, huyo nilimpa siku nzima na hakuinama.

Fundi Nyundo Moja

Huyo hata mimi simtetei.

Jembe Halimtupi

Mnahangaika bure, gari ni auto weka P basi. Mimi nina miaka saba sijavuta handbreki.

Mwana Goba

Mkuu ukitoa kwenye P ukiwa mlimani husikii KO?

Jembe Halimtupi

Nasikia, kawaida ya gari.

Fundi Nyundo Moja

Siyo kawaida. P ndani ya gia ni kichuma kimoja kama kidole kinaingia kwenye jino la gurudumu, basi. Uzito wote wa gari mlimani unakilalia hicho kidole, na ile KO ni kidole kinang'olewa kwa nguvu. Kikija kukatika gia inashuka yote, linganisha na grisi ya elfu 5. Ukisimama mlimani mguu kwenye breki, peleka N, vuta handbreki, achia mguu taratibu gari likae kwenye handbreki, ndipo uweke P. Ukiondoka KO huisikii. Na handbreki isiyovutwa miaka saba sishangai ukikuta kebo imeshaota kutu, anza kuivuta taratibu usije ukaivuta ikakamata isiachie.

Jembe Halimtupi

Naenda kujaribu.

Jembe Halimtupi

Imevutika. Haishuki.

Baharia wa Kigamboni

😂😂😂 Mtoto wa Nyegezi njoo umpokee mwenzako.

Wanjohi wa Thika Road

Niko Nairobi, nafuatilia kimya kimya. Swali langu ni Golf. Makanika aliweka pedi mpya za nyuma, tangu siku hiyo handbreki haishiki upande wa kushoto, sasa anasema kalipa (kile kibano cha pedi kwenye diski) imekufa niende Kirinyaga Road nitafute ingine. Ilikuwa sawa kabla ya pedi.

Fundi Nyundo Moja

Kaka hizo hazina dramu wala brekishu, handbreki inavuta kalipa yenyewe kwa kale kamkono ka nyuma. Ndani ya pistoni kuna parafujo. Ukiweka pedi mpya ile pistoni hairudishwi kwa kubanwa na jiliwa kama ya mbele, inarudishwa kwa KUZUNGUSHWA huku unaisukuma, kuna kifaa chake. Muulize aliirudishaje. Akisema aliibana kwa nguvu, basi kama kalipa imekufa ameiua yeye na mjadiliane nani ananunua. Kabla ya hapo angalia kama ule mkono wa nyuma ya kalipa unarudi mpaka mwisho handbreki ikiwa chini, na kama kebo imekaa kwenye ndoano yake, nimeshaona mtu kasahau tu kuirudisha.

Na wenye zile mpya za kubonyeza kidude badala ya kuvuta mkono, hizo usiruhusu mtu aguse pedi za nyuma bila kuiweka kwanza kwenye hali ya matengenezo. Kuna mota pale, akiilazimisha anaivunja na mota siyo ya elfu 9.

Wanjohi wa Thika Road

Nimempigia. Amesema aliibana na jiliwa. Amenyamaza kidogo halafu akasema nirudishe gari jioni.

Bibi Harusi wa Tanga

Wadau huku pwani na chumvi hii, gari la baba lilikaa wiki tano handbreki juu, tulipotaka kuondoka matairi ya nyuma yanaburuzwa. Tulilivuta na gari lingine mpaka likaachia kwa kishindo. Tumeharibu kitu?

Fundi Nyundo Moja

Brekishu ziliganda kwenye dramu kwa kutu. Mmebahatika, saa nyingine gamba la brekishu linabanduka linabaki kwenye dramu. Fungueni muangalie kama magamba yamekaa, chuma kikikwangua dramu lile linakuwa la kutupa. Wakati mwingine ligongeni dramu pembeni taratibu kwa nyundo ya raba au kipande cha mti, linaachia. Na likikaa muda mrefu egesheni tambarare, P, kuni nne za kuzibia matairi, handbreki chini.

Mwana Goba

Au niwatumie jiwe. Liko huru sasa hivi.

mama Spacio

Nimerudi na mrejesho. Pedi za mbele nimeonyeshwa kwa macho yangu, upande mmoja zimebaki kama karatasi. Nimebadilisha, pistoni zilivyorudishwa mafuta yamepanda yenyewe mpaka karibu na MAX kama Fundi alivyosema, taa imezima, kona zote kimya. Elfu 45 ya sensa imebaki kwenye pochi. Yule fundi aliniuliza nani kakufundisha, nikasema wajomba zangu.

Nikapata kiburi nikamwambia na handbreki tuhesabu, ikawa meno 10, wamefungua dramu wamesafisha nyota na kukaza kebo mwisho, imekaa meno 7. Tatizo moja tu wakuu, konsoli imerudishwa imekaa vizuri lakini nimekuta skrubu moja nyeusi fupi kwenye kapeti. Ya wapi?

Fundi Nyundo Moja

Inua kile kitambaa cha chini pale pa kuwekea vikombe, kuna tundu.

mama Spacio

Ipo. Imeingia.